Bei Ikishuka, Huishia Wapi?

Nilikulia Tandika, Dar es Salaam, enzi ambazo mafuta ya taa yalinunuliwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, si kituoni. Mangi aliyavuta kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, akajaza chupa ya soda, akaziba mdomo wake kwa kipande cha nailoni. Nusu ya chupa iliingia kwenye jiko la mchina, iliyobaki ikawekwa kwa ajili ya kibatari. Mama alijua bei ya chupa ile vizuri kuliko alivyojua bei ya unga.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kutangaza bei kikomo mwaka 2009, mtaani kwetu hakuna aliyeona tofauti. Tangazo lilihusu lita ya kituoni. Kilichotufikia haraka ni bajeti ya 2011: kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa kuichanganya na mafuta ya taa. Sababu ilikuwa ya kweli, injini za watu zilikuwa zinakufa. Lakini aliyelipia dawa ile ni mwenye kibatari, ambaye hata gari hana.

Agosti ya mwaka huohuo EWURA ikashusha bei, na wafanyabiashara wakubwa wakagoma kuuza. Magari yalipanga foleni kwenye vituo vilivyokauka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bei kushuka ni vita ya watu.

Kisha likaja anguko kubwa. Juni 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Bei za vituoni zilishuka, sikatai, ila hazikufikia anguko lile. Dola nayo ilikuwa imepanda kutoka kama shilingi 1,650 hadi kupita 2,100, na kodi hutozwa kwa lita, haijali pipa limeuzwa ngapi huko duniani. Hata bei ya umeme ilipunguzwa Aprili 2016, lakini kwa kati ya asilimia 1.5 na 2.4 tu.

Na chupa ya Mama? "Huu mzigo wa zamani, mama," Mangi alimwambia kila bei iliposhuka. Bei ikipanda, mzigo wa zamani ulipanda nao jioni ileile. Ila hesabu pia ilikuwa inamkataa mnunuzi mdogo: lita ikipungua shilingi 100, chupa ya mililita 300 inapungua shilingi 30, na sarafu ya kurudisha chenji hiyo haipo. Nafuu ya maskini ilipotelea kwenye chenji. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Leo Mama anapikia gesi, mtungi wa kilo sita, na masizi yamekwisha ukutani. Nashukuru. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lakini jedwali la EWURA la kila mwezi linataja petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya jikoni haimo, kwa hiyo Mama hana pa kulinganishia anachotajiwa dukani.

Wekeni bei ya kilo ya gesi kwenye jedwali hilo, wilaya kwa wilaya, na kila wakala alazimishwe kulibandika mlangoni.