Nikikutazama Sikio

Siku ukiniona nikikutazama sikio badala ya uso, usidhani nina dharau. Hapo ndipo ninapokuona.

Nina ugonjwa wa Stargardt, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1909. Hula katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Pembeni huachwa. Kwa hivyo darasani naona madirisha, madawati na hata viatu vya mwalimu, lakini pale hasa ninapoelekeza macho pana doa la kijivu lisilobanduka. Mwalimu mmoja aliniamuru nimtazame machoni. Lo! Nikimtazama machoni, kichwa kizima hutoweka!

Ni ugonjwa wa kurithi, ijapokuwa baba na mama wote huona sawasawa. Jambo hilo lilizua maneno mengi kijijini, wacha tu. Mbuzi wawili waliuzwa tukanunua miwani, wala haikufua dafu. Miwani hunyoosha mwanga unaoingia jichoni. Haiwezi kuponya mahali pa kuupokea. Na karoti je? Nimekula hadi basi. Vidonge vya vitamini A ndivyo daktari alivyonikataza, maana huweza kuuzidisha ugonjwa huu.

Nafuu ilikuja kwa vitu vidogo vidogo. Kliniki ya macho nilipewa kioo cha kukuzia maandishi, nikafunzwa kutazama kwa pembe ya jicho. Kazi hiyo inachosha shingo, we acha tu! Baba, ambaye ni seremala, akaniundia kibao cha kuegemeza kitabu. Nilichokipenda zaidi hakikugharimu hata shilingi: kipande cha kadibodi nyeusi chenye mwanya wa mstari mmoja. Nakiteremsha polepole, na mistari haigombani tena. Kofia nayo hunikinga na jua la saa saba, ingawa viranja langoni hawajaizoea.

Ubao bado ni mlima. Jirani yangu wa dawati hunong'ona kila kinachoandikwa, naye huandika taratibu kwa ajili hiyo. Lakini katika KCSE hapana kunong'onezana. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa kama mimi karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada, bora waombewe mapema. Barua ya daktari nimeipeleka ofisini. Kila Ijumaa napita pale kuuliza, na karani akiniona tu huanza kucheka.