Staa (jina kapuni) alivyopiga picha kwenye matembele ya mama yangu

Wadau, kabla hamjaanza kukisia: simtaji. Wala sisemi ni wa kike au wa kiume, wa muziki au wa filamu. Jina kapuni. Na nikiri mapema, kwenye hii stori mwenye kosa kubwa sio staa. Ni mimi.

Ilikuwa vuli ya 2023, ile ya El Nino. TMA walishatangaza mapema kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani, sisi tukachukulia poa, tukageuza utani mitandaoni. Kipindi hicho nilikuwa naendesha kurasa za huyo staa. Naandika maneno ya chini ya picha, nafuta matusi, natafuta sehemu za kupigia picha. Mshahara wa kuungaunga, ila unajulikana mjini, na ukiwa na miaka 24 hicho nacho ni chakula.

Siku moja staa akaamka na wazo. Mastaa wengi walikuwa wanaposti mashamba, ufugaji, "nimerudi kwa udongo". Na yeye anataka shamba. Hana shamba. Hajawahi kushika jembe, nina uhakika kwa sababu nilimwona akilishika. Akasema atafutiwe sehemu ya kijani, isiwe mbali na mjini, atatoa laki tatu.

Nikajua kijani kiko wapi.

Mama yangu anakaa Chamazi, Temeke. Unapita uwanja wa Azam, unaingia ndani kidogo. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja ambacho sio chake, ni cha mzee mmoja aliyekinunua zamani na hajajenga, akamruhusu mama alime ili pasiwe pori. Mama ana matuta kumi na manne pale. Tisa ya matembele, matano ya mchicha, na pembeni ya ua kuna bamia na mnavu wa kula nyumbani. Kina mama wanaouza mboga wanakuja asubuhi na mabeseni, wanachuma wenyewe, wanalipa kwa fungu.

Naomba niwaeleze kidogo kuhusu vuli, maana kuna watu humu mchicha wanaujua ukiwa umeshaungwa nazi. Kiangazi mama ananunua maji ya kisima cha jirani kwa ndoo, na faida yote inaishia kwenye ndoo. Mvua za vuli zikianza, Oktoba kwenda Novemba, maji ni bure. Matembele hayana mbegu ya kununua, unakata kipande cha shina unachomeka, wiki tano sita unaanza kuchuma, na ukichuma yanachipua tena. Mchicha ndio wa haraka zaidi, wiki tatu nne uko sokoni. Mbegu zake ni ndogo mno, mama anazichanganya na mchanga ndio anamwaga, zisirundikane sehemu moja. Halafu kuna kitu ambacho mimi nilikuwa sikijui: mvua ikizidi, bustani za mabondeni zinafurika, mboga zinaadimika, bei inapanda. Mama yuko kwenye mwinuko. Maana yake mvua kubwa inayowaumiza wengine, yeye inamuingizia hela.

Lakini mwinuko peke yake hautoshi. Upande wa juu kuna barabara ya mtaa, maji yakishuka yanakuja moja kwa moja kwenye matuta. Kwa hiyo mama alichimba mfereji. Kwa mkono, kwa jembe, wiki nzima ya mwezi wa tisa, akiwa na maumivu yake ya kiuno.

Nikampigia simu. "Shikamoo mama. Kuna mtu anataka kupiga picha bustanini, atalipa elfu hamsini."

Akauliza, "Picha tu?"

"Picha tu."

Hapo mmeshaona hesabu. Laki tatu, mama hamsini. Nilijiambia ndio mambo ya udalali yalivyo, na skrini ya simu yangu ilikuwa imepasuka.

Walikuja watu kumi na mmoja. Noah mbili, jenereta, taa (saa nane mchana, jua linawaka, wameleta taa), na mtu mmoja ambaye kazi yake nzima ilikuwa kushika mwavuli. Noah ya jenereta ikashindwa kuvuka mfereji. Wakatafuta vifusi na matofali mabovu kwa jirani, wakafukia kipande cha kama hatua nne. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake. Akaniambia, "Mwanangu, huo mfereji." Nikamjibu, "Watautoa wakimaliza, mama, usijali."

Saa nne wamekanyaga. Staa na mabuti meupe, jembe begani kama gitaa. Mpiga picha alikuwa analala chali juu ya tuta ili apate mbingu. Mchicha wa wiki mbili ulilala na haukuamka. Jioni wakapakia vitu haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na wote tukaondoka, na mimi nikiwa ndani ya Noah, nachagua picha. Niliandika "Jasho langu, udongo wangu." Ilipata mioyo mingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Vifusi vilibaki kwenye mfereji.

Usiku ule ikanyesha. Ikanyesha kesho yake, na keshokutwa. Mimi niko Sinza, nasikiliza mabati, nimelala.

Mama hakunipigia. Nilikuja kwenda mwenyewe baada ya wiki, nikakuta maji yametuama kwenye matuta yote ya chini. Mabua yaliyokanyagwa yameoza, yananuka. Mchicha haupo kabisa, unaona tu mchanga umejipanga mistari kama ufukweni. Mama alikuwa ameshautoa ule ufusi peke yake, ameupanga vizuri kando ya ua. Akanipikia wali. Hakusema chochote, na ningependa angesema.

Kina mama wa mabeseni walikuwa wanapita nje kwenda kutafuta kwingine. Na bei, kama alivyotarajia, ilikuwa imepanda.

Mwezi wa kumi na mbili katikati, mama akasema anakwenda Kisarawe kumwona mama yake mdogo anayeumwa, nimsindikize. Sisi ni Wazaramo wa kule. Tulizunguka mjini maana njia ya Msongola ilikuwa tope tupu, tukabadilisha gari Gongo la Mboto, tukapanda ya Kisarawe. Tukamsalimia bibi, tukala, na wakati wa kurudi mama akasema tushuke msituni kidogo, Pugu, hajaingia tangu msichana.

Wengi wenu mmepita pale barabarani bila kugeuza shingo. Ni msitu wa hifadhi, Pugu na Kazimzumbwi, uko chini ya TFS. Unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kuwatembeza. Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha shule ya jirani hapo hapo Pugu mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, hilo la shuleni mnalijua. Mimi nisilolijua ni kwamba ndani kuna komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, anayepatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na hakuna kwingine duniani. (Watu wa Bunju na Goba msijisikie vibaya, na Msitu wa Pande kule Mabwepande anao.) Hatukumwona. Anatoka usiku. Kijana aliyetutembeza alitueleza habari zake kwa dakika kumi, kwa fahari, kama anamsifia ndugu yake.

Njia ilikuwa imelowa lakini sio tope. Hili ndilo lililomshangaza mama. Wiki zote zile za mvua, na kote tulikopita mjini ni madimbwi, halafu humu unakanyaga na mguu hauzami. Akachuchumaa, akafunua majani makavu kwa vidole. Chini kuna majani mengine yaliyoanza kuoza, chini yake udongo mweusi. Akaukamata, ukashikamana kama tonge.

"Hapa nani kachimba mfereji?" akauliza.

Kijana akamweleza kwamba majani yanalipunguza tone kasi, mizizi inalinywa, maji yanashuka taratibu. Akasema Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, unatembea kilometa 35 hivi mpaka baharini pale Daraja la Selander. Yaani yale maji yanayoifunga Jangwani kila mvua, sisi tunapiga video za magari yanaogelea, mengine yameanzia huku, na kadiri miti inavyopungua ndivyo yanavyowahi kufika.

Mama akasema, "Na sisi tulikata." Kijana akanyamaza. Mama akaendelea, kwamba mjomba wake alikuwa anachoma mkaa humu, magunia yanapakiwa usiku, yanashushwa Buguruni. Kuni walikuwa wanaokota watoto wote. Alisema hivyo hivyo tu, bila kujitetea. Mimi kifua kikaanza kubana.

Tukapita mti mmoja, akausogelea akaugusa gome. "Mkole huu." Zamani msichana wa Kizaramo akivunja ungo anawekwa ndani, miezi, haonekani na mtu, anafundwa, na chini ya mti huu ndipo anapopelekwa na somo yake. Mama aliwekwa ndani. Mimi hapana, nilizaliwa Temeke hospitali na kukulia Mbagala, nilifundwa na simu. Nikawaza miezi bila kuonekana na mtu. Mimi nikikaa siku mbili sijaposti naulizwa kama naumwa.

Akataka kuchuma jani moja la mkole ampelekee bibi. Kijana akamwambia, samahani mama, humu hatuchukui kitu. Mama akalirudisha mkono wake mgongoni kama mtoto aliyekamatwa kwenye sukari. Nilicheka, na yeye akacheka, na ndio nikapata nafasi.

Tulifika sehemu ya juu ambapo msitu unafunguka unaona jiji, ndege zinashuka. Nikamwambia pale pale. Kwamba haikuwa elfu hamsini. Ilikuwa laki tatu.

Hakuniangalia. Aliokota kijiti, akaanza kuandika kwenye udongo.

"Matuta tisa ya matembele. Tuta moja, mafungu ishirini na tano. Fungu mia mbili." Akaandika 45,000. "Mpaka mwaka mpya yangechumwa mara tano." Akaandika 225,000. "Mchicha, matuta matano, mafungu thelathini thelathini, mizao miwili." Akaandika 60,000 chini yake. Akajumlisha: 285,000. "Na hapo nimekupigia bei ya kawaida, sio ya mvua."

Akatoa hamsini aliyopokea. Akapigia mstari 235,000, mistari miwili, kama mwalimu.

"Hizo unanidaiwa," akasema. "Hiyo ya uongo siijui inauzwa shilingi ngapi, nimeiacha."

Yule kijana wa watu alikuwa amejifanya anaangalia ndege. Mimi nililia kidogo, sitadanganya, na mama akaniambia nifute kamasi tunachelewa gari.

Simu mpya nilikuwa nimeshainunua. Nikaiuza kwa hasara, laki na sitini, nikarudi kwenye ile iliyopasuka. Kwa staa nilimwandikia ujumbe mrefu kuhusu mfereji na mboga. Alijibu kwa alama ya moyo. Mwisho wa mwezi huo nikaacha kazi, na niseme ukweli, sikuacha kishujaa. Mkataba haukuwepo na mtu mwingine alikuwa ameshaanza kuposti.

Jumamosi nikawa naenda Chamazi. Mama alikuwa amerudi na kitu kichwani kutoka msituni. Akanituma nizunguke mtaani na viroba, niombe majani makavu ya miembe kwenye nyua za watu. Watu wanayachoma kila asubuhi, wakaona kama nimechanganyikiwa. Tukapanda mabua mapya ya matembele, tukatandaza majani katikati ya matuta kama vidole vinne unene. Ufusi wa wale mabwana mama akautumia kujengea ukingo wa mfereji upande wa barabarani. Haupotezi kitu, yule mama.

Masika ya 2024 nayo hayakuwa na huruma, mnayakumbuka, mafuriko tena Dar nzima. Nilikuwa kule asubuhi moja ya mwezi wa nne, imenyesha usiku kucha. Nimetoka na mabuti (meusi) nikijua nitakuta bwawa. Mfereji ulikuwa umejaa, unakimbia kuelekea bondeni. Matuta mawili ya mwisho yalikuwa yamemomonyoka pembeni. Mengine yalikuwa yamesimama. Nikaingiza kidole chini ya majani ya mwembe, udongo ukashikamana.

Kina mama wanne walikuwa wameshafika na mabeseni. Mama anahesabu mafungu, mimi napokea hela, mia tatu fungu siku hiyo. Baadaye akatoa daftari lake la shule lenye jalada limetoka, akafungua ukurasa wenye jina langu juu. Laki na sitini ya simu ilikuwa imekatwa. Vibarua vya Jumamosi amevikata elfu tano tano, Jumamosi kumi na tatu, na mbili ambazo sikuja ameandika "hakuja".

Akakata na ya siku hiyo, akalamba kidole, akajumlisha tena kuhakikisha.

"Imebaki elfu tano," akasema. "Kesho Jumapili, bamia zinataka kupaliliwa."