Chake, Lake, Pake

Mwezi Mei mwaka 1987, nikiwa na umri wa miaka 25, nilisafiri kwa basi pamoja na wanafunzi wenzangu kutoka Leipzig kwenda Eisenach, Weimar, Dresden na hatimaye Prague. Ilikuwa ziara ya masomo. Nilikuwa nimehitimu chuo cha ualimu huku nyumbani na kufundisha sekondari kwa miaka miwili, kisha nikapata ufadhili wa kwenda Ujerumani ya Mashariki, kama walivyoupata Watanzania wengi wa rika langu. Mle ndani ya basi walikuwamo Wavietnamu, Waethiopia, Wayemeni, Wachile, Wacuba, na Waswahili wawili: mimi na ndugu mmoja wa Pemba aliyekuwa akisomea uhandisi. Sote tulizungumza Kijerumani cha kuombea chumvi na cha kuulizia njia. Walimu wetu walitaka tukione Kijerumani nyumbani kwake, mahali kilipozaliwa na kulelewa.

Kwa hiyo tulianzia Eisenach, kwenye ngome ya Wartburg iliyo juu ya kilima. Hapo Martin Luther alijificha tangu Mei 1521 hadi Machi 1522, na humo chumbani, katika muda wa wiki zipatazo kumi na moja, alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Chumba chenyewe ni kidogo, kuta za mbao, meza moja. Mwongozaji alitueleza kuwa baadaye, mwaka 1530, Luther aliandika barua ya kujitetea dhidi ya waliomlaumu kwa tafsiri yake, akasema kwamba anayetaka kutafsiri amwendee mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, awatazame midomo wanavyosema. Nilifurahi mno kusikia hayo. Sisi tuliofundishwa Kiswahili Sanifu tunajua kwamba mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi yake kwa msingi wa Kiunguja, na mabishano juu ya mdomo wa nani utazamwe hayajakwisha mpaka leo. Mpemba wangu alinigusa kiwiko, akaninong'oneza: "Umesikia, Mwalimu? Sokoni! Si ofisini." Nilimwacha ashinde, siku ile.

Weimar ni mji mdogo ambao jina lake ni kubwa kuuliko. Goethe aliishi pale karibu maisha yake yote ya utu uzima, akafia pale mwaka 1832. Nyumba yake ni kubwa, imejaa sanamu na picha, lakini chumba alichokuwa akiandikia ni cha mtu asiyependa kusumbuliwa: hakina pazia wala kiti cha starehe. Washairi wenzangu wa pwani huenda wakapenda kujua kwamba mzee huyo, akiwa amekwisha vuka miaka sitini, aliyasoma mashairi ya Hafidh wa Shiraz katika tafsiri, yakamkaa moyoni hata akatunga diwani nzima, iliyochapishwa mwaka 1819, kama jibu la mshairi wa Magharibi kwa mwenzake wa Mashariki. Tungeiita malumbano, kama Hafidh angekuwa hai wa kujibu.

Katika kanisa la mji amezikwa Herder, ambaye chuo chetu cha lugha kule Leipzig kilibeba jina lake. Yeye ndiye aliyekusanya nyimbo za watu wa mataifa mbalimbali na kuzichapisha katika miaka ya 1778 na 1779, kwa kuamini kwamba roho ya kabila imo katika nyimbo zake, ziwe za wavuvi au za wafalme. Nilisimama kaburini pake kwa muda mrefu kuliko wenzangu. Bibi yangu mzaa mama alijua nyimbo za kutwangia ambazo hakuna aliyeziandika, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaondoka nyumbani.

Siku iliyofuata, baada ya chai ya asubuhi, basi letu lilipanda mlima Ettersberg, kama kilomita nane kutoka katikati ya Weimar. Goethe alipenda kuutembelea mlima huo. Juu yake, kuanzia mwaka 1937, Wanazi walijenga kambi ya Buchenwald. Hadi Aprili 1945 watu wapatao 56,000 walikuwa wamekufa pale. Miongoni mwa misitu iliyofyekwa, mti mmoja wa mwaloni uliachwa umesimama ndani ya kambi. Wafungwa waliuita mwaloni wa Goethe. Uliungua katika shambulio la ndege mwaka 1944, na kisiki chake tulikikuta.

Lango la kambi ni la chuma, na ndani ya chuma kile mna maneno matatu: Jedem das Seine. Tulipita chini yake bila kuyasoma, kwa sababu yametazama ndani. Ilitubidi tuingie, tusimame kwenye uwanja mpana ambako wafungwa walihesabiwa asubuhi na jioni, kisha tugeuke. Ndipo yakasomeka sawasawa. Aliyeyatundika alitaka yasomwe na waliokwisha fungwa.

Mwongozaji wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alituomba kila mmoja ayaseme maneno hayo kwa lugha yake. Wachile na Wacuba walifanya haraka, Kihispania kinayo sentensi hiyo tayari. Myemeni alitumia neno ambalo kwetu limekuwa haki. Mwethiopia alifikiri, akasema, akanyamaza. Zamu ilipotufikia, Mpemba alinisukuma mbele: "Sema wewe, ndugu yangu, wewe ndiye mwalimu." Nikasema: "Kila mtu na chake."

Yeye akauliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, nisikie mimi tu: "Chake nini?"

Wapenzi wa lugha, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kijerumani katika maneno yale kina kimilikishi kisicho na kimilikiwa. Wameitwaa "-ake", wakaifanya nomino ya jinsi isiyo ya kike wala ya kiume, wakaiacha tupu. Kilichomo ndani ya utupu ule kinategemea msemaji. Kiswahili hakikuruhusu uwe mvivu namna hiyo. Mzizi "-ake" hauwezi kutoka mdomoni peke yake. Lazima uvae kiambishi cha ngeli, na kiambishi ni kama kivuli cha nomino iliyojificha. Ukisema "yake" umekwisha taja haki. Ukisema "lake" umetaja jambo, au neno, au kosa. Ukisema "wake" umetaja wajibu, au mtu. Ukisema "pake" umempa mahali, na katika kambi ile mahali pa kila mtu palijulikana. Mimi nilichagua "chake" kwa sababu ndiyo tafsiri ya kawaida ya kitu kisichotajwa, na sikuona ubaya wowote.

Ndani ya basi, tukiteremka mlima, Mpemba alikuwa akitazama dirishani. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtoto anayekariri ngeli darasani: "Chakula chake. Cheo chake. Chumba chake." Akatua. "Kifungo chake. Kiboko chake. Kifo chake." Hatukuzungumza tena mpaka mjini.

Maneno yale si uzushi wa Wanazi. Ni ya kale, ya sheria ya Warumi, waliosema kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Nimesoma baadaye kwamba Johann Sebastian Bach, alipokuwa mwanamuziki wa mtawala wa Weimar, alitunga kantata ya kanisa ambayo jina lake linayabeba maneno hayohayo, nayo iliimbwa mara ya kwanza pale pale Weimar mwezi Novemba mwaka 1715. Mahubiri ya siku ile yalihusu kumpa Kaisari yaliyo ya Kaisari na Mungu yaliyo ya Mungu. Basi lugha ni ileile, sentensi ni ileile, na mji ni uleule. Nimewasikia watu wakisema kwamba maovu huja na lugha yake chafu. Huenda ni kweli mahali pengine. Pale Ettersberg yalitumia msemo ambao hakimu yeyote mwadilifu angeuweka ukutani mwa mahakama yake.

Safari iliyobaki niieleze kwa kifupi. Njiani tuliupita Jena, ambako Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuwa Emily Ruete, alifariki mwaka 1924. Mpemba alisimama katikati ya basi na kuwaeleza wenzetu habari zake, Kijerumani chake kikimpotea kila alipofika kwenye uchungu wa kisa. Dresden, ambako Bibi huyo aliwahi kuishi pia, tulikuta kanisa la Frauenkirche bado ni chungu ya mawe meusi, kama lilivyoanguka Februari 1945. Sasa limejengwa upya. Kwenye picha unaona mawe ya zamani yaliyoungua yamepangwa miongoni mwa mawe mapya meupe.

Prague ilitupa kicheko, tulichokuwa tukikihitaji. Kwenye mnara wa ukumbi wa mji wa kale kuna saa ya nyota ambayo sehemu yake ya kwanza iliundwa mwaka 1410. Umati husubiri sanamu za mitume zipite dirishani, lakini mimi nilivutiwa na duara la nje, lenye tarakimu za kale. Duara hilo huhesabu saa kuanzia jua linapozama. Nilimshika Mpemba mkono. Siku inaanza magharibi! Watu wa Bohemia ya kale wangelielewa mara moja kwa nini sisi usiku wa Ijumaa huuweka kabla ya Ijumaa yenyewe, na kwa nini saa moja ya usiku ni saa ya kwanza. Tulisimama pale tukicheka mpaka Mvietnamu mmoja akatuuliza kama tumelewa.

Nilirudi nyumbani mwaka 1989, nikafundisha Kiswahili na fasihi hadi nilipostaafu. Katika miaka hiyo nilipata kusoma habari za mtu ambaye nisingejua kumtafuta. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto, na baadaye akahamia Berlin, ambako alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Huko alifanya kazi ya hotelini, aliigiza katika filamu, na alifundisha Kiswahili katika chuo ambacho maofisa na wasomi walijifunzia lugha zetu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo sheria za ubaguzi wa rangi zilililaani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Langoni mwa Sachsenhausen maneno yalikuwa mengine: kwamba kazi huleta uhuru. Sisi tuliokua tukisikia "Uhuru na Kazi" kama wito wa kujenga nchi tunaweza kuyatafsiri maneno hayo bila kufungua kamusi, na nadhani yeye aliyatafsiri siku ya kwanza tu, kimoyomoyo, kama mwalimu yeyote wa lugha anavyoshindwa kujizuia. Kila ninapowaza jambo hili, kigae kile cha swali la Mpemba hunichoma tena. Kati ya wafungwa wale wa mataifa mengi, alikuwamo mmoja aliyekuwa na ngeli zetu kichwani.

Nilikuwa nikiwapa wanafunzi wa kidato cha nne methali ya "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikawaomba waisikie kwanza kutoka kwa bibi anayemkanya mjukuu apandaye mwembe, kisha waione imeandikwa juu ya mlango wa gereza, upande wa ndani. Darasa lilikuwa likinyamaza. Mwaka mmoja binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, yale maneno ya kule Ujerumani, fundi aliyeyatengeneza aliyasomaje?" Sikuwa na jibu siku ile, nililipata miaka mingi baadaye. Fundi alikuwa mfungwa, Franz Ehrlich, aliyekuwa amesoma Bauhaus, shule ya usanifu iliyoanzia Weimar mwaka 1919 na ambayo Wanazi waliichukia. Alipoamriwa kuchora herufi za lango, alizichora kwa mtindo wa shule ile ile. Walinzi walipita chini yake kila siku wasitambue. Ehrlich aliachiliwa mwaka 1939.

Hivi karibuni mshairi mmoja, kijana hodari wa tarbia, alinisikia nikisimulia haya akasema kuwa maneno hayo yangefaa kuwa kibwagizo. Nikampa daftari. Akaandika "Kila mtu ana chake," akahesabu: mizani minane kamili, nusu ya mshororo, haihitaji kukatwa wala kuongezwa. Kina cha "-ke" nacho ni rahisi, maneno ya kukilisha yako tele. Alifurahi. Mimi nilimwambia ajaribu vilevile "lake" na "pake," akaona kuwa navyo vinaingia mahali palepale, kwa mizani ileile na kina kilekile. Tangu hapo hajaniletea shairi, nami sijamharakisha.