Mbwa wa Babu

Wahenga walinena, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Tulipoijadili methali hii chamani muhula wa kwanza, mie nilinyamaza kama maji ya mtungi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, lakini aibu ilinizuia. Leo nimeamua kulitoa.

Mie nakaa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Anayeujua mtaa wetu atakwambia kuwa paka ni wengi kuliko watu, lakini mbwa ni wa kutafuta kwa tochi. Bibi akisikia nimelambwa na mbwa, siingii ndani mpaka nioshe mara saba, moja kwa mchanga. Mambo ya mbwa nimeyajulia kwa babu mzaa mama, kule Kwale, karibu na msitu wa Shimba Hills. Babu hulima mahindi na mihogo, na majirani zake ni nguruwe mwitu, nyani na ngedere. Bila mbwa havuni kitu. Hata bibi hilo analikubali, maana dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba.

Ujanani babu alikuwa msasi. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, aliuacha, akabaki na mbwa wa kufukuza wanyama shambani tu. Jike lake linaitwa Waseme. Ni mdogo, rangi ya mchanga, na sikio moja limechanika. Ukimkuta barabarani utamwita koko. Lakini usiku akisikia jani limevunjika, hubweka mara mbili tu, kisha huyo, kashika harufu mpaka nguruwe arudi msituni.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikiazima kitabu cha Kilimo cha binamu yangu. Humo nikasoma jinsi mifugo ya aina mbili inavyopandishwa ili kupata chotara wa kuwashinda wazazi wake. Nikaingia maktaba kutafuta habari za mbwa. Nikamsoma Cornelius van Rooyen, mwindaji wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Yeye alichanganya mbwa wa Kizungu na mbwa wenye mstari wa nywele zilizogeuka mgongoni, ambao asili yao ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Alitaka mbwa wa kumzubaisha simba mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo wakaandika sifa za mbwa wa aina hiyo. Nikamsoma pia Paul Rainey, tajiri wa Marekani aliyekuja nchini mwetu mwaka 1911 na kundi la mbwa waliozoea kufuata dubu kwao, akawatumia kuwinda simba. Basi kichwa kikanivimba. Nikajiona mie ndiye van Rooyen wa Kwale!

Likizo ya Aprili nikamwendea babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho yang'aa hivyo?"

Nikamweleza kuwa kuna mzee mstaafu njia ya kwenda mjini mwenye dume kubwa la mbwa wa polisi, masikio wima, kifua kama pipa. Tukimpandisha Waseme kwa dume lile, tutapata mbwa wa ajabu. Babu akacheka. Akaniuliza, "Dume hilo lafanya kazi gani?" Nikajibu kuwa hulala langoni, na watu humwogopa. Babu akakuna ndevu, akasema, "Haya, wewe ndiye msomi. Mjaribu."

Waseme alipotaka dume, tukampeleka. Baada ya miezi miwili hivi akazaa vilebu watano. Wawili walikufa wachanga, na mmoja akachukuliwa na jirani. Mie nilimchagua mkubwa kuliko wote, masikio wima kama baba yake, nikamwita Komando. Babu akamchukua jike dogo jekundu ambalo hakuna aliyelitazama, akamwita Kimya. Nilimpiga picha Komando, nikawaonyesha wenzangu darasani. Wengine mwakumbuka.

Mwaka uliofuata, likizo ya Agosti, mahindi yalikuwa yamekomaa. Babu alikuwa na homa, nami nikalala dunguni badala yake. Aliniagiza nimchukue Waseme pamoja na Kimya. Mie, kwa kiburi changu, nikawafunga wote wawili nyumbani nikaenda na Komando peke yake. Nilitaka asubuhi nimwambie babu, "Waona?"

Usiku ule Komando alibweka tangu magharibi. Alibwekea popo, alibwekea upepo, alibwekea mwezi. Nilipochoka kushuka na kupanda, nikaacha kumsikiliza. Nguruwe walipokuja kweli, sauti ilikuwa ile ile, nami nikajifunika shuka. Kulipopambazuka, karibu nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, mabua yamevunjwa, magunzi yametapakaa. Komando alikuwa chini ya dungu, ulimi nje, akihema.

Babu alikuja na mkongojo wake. Alitazama shamba, akanitazama. Wallahi, ningependa angenichapa. Alisema tu, "Kawafungulie wale wengine." Mahindi yale ndiyo yaliyokuwa chakula chao mpaka msimu mwingine, na sehemu yake ilikuwa iuzwe nilipiwe karo.

Komando hakumaliza likizo ile. Alianza kukonda, macho yakafanya ukungu. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na kwamba mbwa wa kigeni na damu zao huulemewa haraka kuliko wa kienyeji. Tulikuwa tumechelewa. Nilimchimbia shimo mwenyewe, nikalia.

Na Kimya? Kimya ana kifua cha baba yake, lakini miguu na pua ni vya Waseme. Hubweka mara mbili, kisha huyo. Babu hakumchagua kwa macho. Alinieleza kuwa vilebu walipokuwa wadogo, aliburuta kipande cha ngozi nyasini kila jioni akakificha, kisha akatazama nani akipata na nani anakata tamaa. Kimya hakukata tamaa hata siku moja. Komando alikifuata hatua kumi, akarudi kucheza na mkia wake.

Muhula wa pili, kabla ya likizo ile, mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa ametufundisha mada hii, na jina lake lina maneno mawili: kuchagua na kupandisha. Mie nilikuwa nimerukia la pili. Kuchanganya damu hakutoi mbwa mmoja wa ajabu. Hutoa vilebu wa kila namna, na kazi ndiyo inayowapambanua. Van Rooyen alifanya kazi hiyo miaka mingi, akiwatazama mbwa wake mbele ya simba. Mie niliwatazama mbele ya kamera.

Sasa babu anasema Kimya apandishwe, lakini kwa dume la msasi mwenzake wa zamani, ambalo linalinda shamba la mihogo bila mtu. Dume lenyewe ni baya wa sura, wala sikuuliza la masikio. Niliuliza lafanya kazi gani.

Wenzangu, nyumba njema si mlango. Na wewe babu, najua bibi atakusomea ukurasa huu: niwie radhi kwa mahindi.