Taa ya Ombwe na Jerikeni za Shangazi: Tajriba ya Mtafsiri

Mwanafunzi wa fasihi hatarajiwi kujishughulisha na taa za viwandani. Tumezoea kuambiwa kwamba uwanja wetu ni ushairi, riwaya na tamthilia, na kwamba istilahi za sayansi zina wenyewe. Hata hivyo, mwaka uliopita nilijiwa na mwanafunzi mwenzangu wa uzamili, yeye akiwa wa Fizikia, aliyebeba karatasi za maelezo kuhusu taa moja iliyomo katika maabara yao. Alinitaka nimtafsirie maonyo ya taa hiyo kwa Kiswahili, kwa kuwa mafundi na wafanyakazi wa usafi walikuwa wakiyapita maonyo ya Kiingereza bila kuyasoma. Niliafiki bila kusita, maana maonyo yenyewe hayakuzidi sentensi tano. Sentensi hizo tano zilinichukua wiki tatu, na ningependa kumweleza mwanachama mwenzangu ni kwa nini.

Kwanza, taa yenyewe. Nuru tunayoiona huanzia nyekundu na kuishia urujuani. Mnamo mwaka wa 1801 mwanasayansi Mjerumani, Johann Wilhelm Ritter, aliitawanya nuru ya jua katika rangi zake, kisha akaweka kloridi ya fedha mahali palipo nje ya urujuani, pale ambapo jicho halioni kitu. Kemikali hiyo ikawa nyeusi upesi kuliko ilivyokuwa ndani ya rangi zinazoonekana. Nuru hiyo isiyoonekana ndiyo ambayo maandishi ya sayansi ya Kiswahili huiita urujuanimno, na sina ugomvi na neno hilo: kiambishi ‘mno’ kimetumika kwa ustadi. Tatizo langu lilianza mbele zaidi, katika sehemu ya urujuanimno ambayo urefu wa wimbi lake haufiki nanomita 200. Taa ya zebaki ya maabara ile hutoa kiasi fulani cha nuru ya nanomita 185. Taa za gesi ya zenoni zinazotumiwa viwandani hutoa ya nanomita 172. Waingereza huiita nuru hii, tukitafsiri neno kwa neno, ‘urujuanimno ya ombwe’.

Je, ina kazi gani? Hapa sikuhitaji kitabu, kwa maana nimezaliwa Isiolo, na shangazi yangu huuza maziwa ya ngamia. Maziwa hutoka malishoni, hufika mjini, hutiwa katika mitungi ya plastiki ambayo sote huiita jerikeni, kisha hupakiwa katika mabasi yaendayo Eastleigh, Nairobi. Siku inayofuata jerikeni tupu hurudi. Hapo ndipo penye kizaazaa, kwa sababu jerikeni zote ni za manjano na zote zinafanana, na asiyeitambua yake huondoka na ya mwenziwe, au hubaki mikono mitupu. Shangazi amejaribu kuandika jina lake kwa rangi ya mafuta. Rangi hukauka, ikapendeza kwa juma moja, kisha ikabanduka kama gamba la nyoka. Amejaribu kalamu za wino mzito. Jua na maji vikaufuta wino huo. Mwishowe alirejea kwenye dawa ya wengi: msumari uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu, akachora alama yake kwa kuiyeyusha plastiki. Alama haikufutika. Lakini ukuta wa jerikeni ulipungua unene pale alipochora, na mojawapo ikapasuka safarini, lita ishirini za maziwa zikamwagikia mizigo ya abiria. Si hasara ndogo kwa mtu ambaye ada ya shule ya wanawe hutoka humo.

Sababu ya rangi kubanduka ni kwamba jerikeni imetengenezwa kwa polithini, na uso wa polithini una tabia ya nta. Maji hayatandi juu yake bali hujikunja yakawa matone, na rangi vilevile haipati pa kushika. Viwanda hukabiliana na jambo hili kwa kuupitisha uso wa plastiki kwenye ndimi za moto kwa muda mfupi sana, au kwa kuupiga cheche za umeme. Moto hufaa chupa nene. Plastiki nyembamba hujikunja. Nuru hii ya wimbi fupi haina haja ya moto. Ina nguvu ya kutosha kuvikata viungo vya kaboni vilivyo kwenye uso wa plastiki, na wakati huohuo huigeuza oksijeni ya hewani ikawa ozoni. Oksijeni hiyo kali hujishikiza pale viungo vilipokatika, na uso uliokuwa ukiyakataa maji huyakubali. Mabadiliko hayapiti tabaka jembamba sana la juu. Plastiki iliyo chini yake hubaki ilivyokuwa. (Wala hayadumu milele: uso ukiachwa kwa muda mrefu bila kupakwa rangi huanza kurudia tabia yake ya nta.) Jua la Isiolo, pamoja na ukali wake wote, haliwezi kazi hii, kwa kuwa nuru ya namna hiyo humezwa na oksijeni ya anga kabla ya kutufikia. Kinachotufikia ni urujuanimno ya wimbi refu zaidi, ile inayozifanya jerikeni zikauke na kupasuka.

Sasa turudi kwenye jina. Neno ‘ombwe’ liliingiaje? Katika miaka ya 1890 Victor Schumann wa Leipzig alitaka kuichunguza nuru hii, akagundua kwamba hewa ya kawaida huimeza. Ikambidi aondoe hewa katika chombo chake chote ndipo aione. Kwa hiyo ombwe ni kumbukumbu ya namna nuru hii ilivyochunguzwa mara ya kwanza. Taa yenyewe si tupu, ina gesi au mvuke wa zebaki ndani yake, na katika kazi niliyoieleza hapo juu inafanya kazi hewani, ilmradi kitu kinachomulikwa kiwe karibu nayo. Aliyelijua jina la Kiingereza tu hakujua lolote kuhusu kifaa.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema ‘taa ya urujuanimno ya ombwe’. Ilikuwa tafsiri mkopo safi kabisa. Kabla ya kuikabidhi nilimwomba mama mmoja anayefagia jengo lao aisome. Aliisoma vizuri, kisha akaniuliza ombwe ni nini. Nikamwambia ni vakyumu. Uso wake ukang'aa: “Kumbe ni ile ya kuvuta vumbi!” Katika kazi yake vakyumu ni mashine ya kufyonza uchafu zuliani, basi. Kwa mantiki hiyo, taa ya vakyumu ni taa inayofyonza, na mtu anayeifungua hana la kuogopa kwa sababu kila kibaya kimekwisha kufyonzwa. Ukweli ni kinyume chake. Taa hii haifyonzi chochote. Inatengeneza ozoni, ambayo huyadhuru mapafu, na nuru yake huyaunguza macho bila mtu kuhisi mpaka saa kadhaa zimepita. Nilikuwa nimeshika karatasi ambayo, pamoja na usahihi wake wote wa kikamusi, ingeweza kumpofusha msomaji wake.

Likizo ya Aprili niliipeleka rasimu Isiolo, si kwa utafiti bali kwa sababu sikuweza kuiacha. Shangazi alikuwa akifukiza vyombo. Wasomaji wa pwani wanajua kufukiza kwa udi na ubani; kwetu hufukizwa vyombo vya maziwa kwa vijinga vya miti maalumu, ili moshi uushike ukuta wa ndani, maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha inayopendwa. Nilimweleza kuhusu taa ile na jinsi inavyoufanya uso wa plastiki ushike rangi. Alisikiliza huku akikitikisa chombo.

“Hiyo ni kufukiza tu, mwanangu. Nyinyi mnafukiza na taa.”

“Lakini haina moshi, Shangazi.”

“Hainuki?”

Nikakiri kwamba ozoni ina harufu kali.

“Basi moshi upo. Huo usioonekana ndio wa kuogopa.”

Niliporejea chuoni nilisimulia haya katika mkutano wa chama chetu, na mjadala ukawaka. Mhadhiri mmoja alisema kwamba istilahi sharti iwe na uhusiano na ile ya kimataifa, la sivyo mwanafunzi wa sayansi atapotea atakaposoma marejeleo ya kigeni. Hoja yake ina uzito na sikuipuuza. Mwingine alidai kwamba kufukiza hubeba moshi na dini, hivyo halifai maabara. Hapo sikukubaliana naye. Kiswahili kiliitazama gari la vita lenye ngozi ya chuma, kikaliita kifaru, na hakuna askari aliyewahi kumtafuta pembe. Neno la zamani linapopewa kazi mpya halihitaji kubeba kila kitu. Linabeba lile linalofaa, na ‘kufukiza’ linabeba mambo mawili makuu: kwamba chombo hutendewa kazi usoni pasipo kuchomwa, na kwamba kuna kitu hewani ambacho mtu hapaswi kukivuta.

Kibandiko kilichopo mlangoni pa maabara hivi sasa kinasomeka hivi: “HATARI. Taa ya kufukizia plastiki. Hutoa nuru isiyoonekana inayounguza macho na ngozi, na hewa inayodhuru mapafu. Taa hii haifyonzi vumbi wala hewa. Usifungue kifuniko kabla ya kuizima na kuisubiri feni itoe hewa nje kwa dakika kumi.” Chini yake, kwa herufi ndogo, mwenzangu wa Fizikia alisisitiza liandikwe jina ‘urujuanimno ya ombwe’, nami nikaliandika.