Karate ya Chumbani, Taichi ya Bustanini

Guangzhou, mwezi wa Januari, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya huku haina theluji, lakini inaingia hadi mifupani kwa sababu nyumba nyingi hazina cha kupasha joto ndani. Natoka Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wanaufahamu kuliko wanavyoufahamu mji wenyewe. Natembea kiasi cha dakika ishirini hadi Yuexiu, bustani kubwa yenye vilima, maziwa na sanamu ya mbuzi watano ambayo ndiyo nembo ya mji. Giza bado halijatoka vizuri, na watu wameshajaa.

Chini ya mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, wazee kumi na watano hivi wanasogea pamoja, polepole, mguu ukifuata mguu. Hiyo ni taichi. Pembeni yao akina mama wameshika panga zenye shada jekundu kwenye mpini, na spika ndogo imetundikwa tawini inawapigia muziki. Wengine wanapigiana danadana kijimpira cha manyoya. Mzee mmoja amening'iniza tundu la ndege wake na yeye anajinyoosha mgongo. Hakuna lango la ukumbi wa mazoezi, hakuna karani, hakuna fomu.

Siku ya kwanza nilisimama mbali, nikiwatazama kwa kuibia, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Mama mmoja akaniona. Hakuniuliza jina wala nchi. Alinionyesha kwa mkono nafasi iliyo wazi mstari wa nyuma, akaendelea. Nikaingia, na mwaka wa tano sasa sijatoka.

Aliyepitia dojo, yaani kumbi za karate, za Dar es Salaam za miaka yetu atajua kwa nini nilisita.

Mimi karate nilianza nikiwa kidato cha pili. Tulifanyia mazoezi kwenye darasa la shule ya msingi, jioni, wenyewe wakishaondoka. Madawati tunayasukuma ukutani, madirisha tunayaziba kwa magazeti, mmoja wetu anakaa mlangoni. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa haikuhusu ngumi wala teke, ilihusu mdomo: usimwonyeshe mtu. Usifanye kata, ule mfululizo wa hatua za karate, uani kwenu. Usivae gi, sare ya karate, njiani. Ikunje, itie kwenye mfuko wa rambo chini ya madaftari. Mama yangu hakujua ninachojifunza mpaka siku aliponiona nachechemea.

Sababu tulipewa, na tuliziamini. Adui akiijua mbinu yako ameshakushinda. Majirani wataleta maneno. Polisi watakuja. Na juu ya hizo kulikuwa na ile hadithi ambayo kila kijana wa mtaani ameisikia: kwamba mwenye mkanda mweusi anatakiwa kwenda kituoni kuandikisha mikono yake kama anayemiliki bunduki. Uvumi huo nimeukuta hata kwa watu wa nchi nyingine kabisa, na mpaka leo sijakutana na mtu yeyote aliyeonyeshwa daftari hilo la mikono. Kwetu kinachosajiliwa ni chama au klabu ya michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ajabu ni kwamba usajili huo, ambao upo kweli, ndio ambao walimu wengi hawakuutafuta.

Nyuma ya madirisha yale tulitembezwa mwendo wa chura, magoti yamekunjwa mpaka mwisho, na mwenzako umembeba mabegani. Tulirudia mizunguko mingi. Aliyelalamika aliongezewa, na aliyeanguka alichapwa kwa mwanzi. Rafiki yangu mmoja aliumia goti la kushoto, na mpaka leo akishuka ngazi anashika ukuta. Hakuwepo mzazi wa kuuliza, wala mwalimu mwingine wa kusema kwamba zoezi lile linaharibu magoti ya watoto wanaokua. Tulikuwa tunaambiwa mlango umefungwa ili kutulinda sisi na adui. Adui hakuja hata siku moja. Aliyelindwa na mlango ule alikuwa mwalimu, asionekane.

Sisemi walimu wote wa Tanzania walikuwa hivyo. Nimekutana baadaye na masensei waungwana, wavumilivu, waliolea vijana wa mitaa migumu wakawa watu. Lakini kwa mtu wa nje, mwalimu mwema aliyejifungia na mwalimu mbaya aliyejifungia hawana tofauti. Mzazi anaona mlango tu.

Sasa nikupeleke tena Yuexiu. Mwalimu wetu ni mama mstaafu wa kiwanda, umri wake umepita miaka sabini. Asubuhi moja alikuwa anatuonyesha namna ya kugeuza kiuno kabla mkono haujasukuma. Yule mzee wa ndege, ambaye si mwanafunzi wake wala si wa kundi letu, alitusogelea na kusema kwa sauti, mbele yetu sote, kwamba nyonga ya kulia ya mwalimu imechelewa. Nilihisi tumbo limenikaza. Kwetu mtu wa njiani akimwambia sensei maneno hayo, siku hiyo haiishi salama. Mama alisimama, akarudia ile hatua, akaitazama nyonga yake. Mzee wa pili akadakia: katika mtindo wa Chen ndivyo ilivyo, lakini katika mtindo wa Yang sivyo. Wakabishana dakika kumi, wakiinua mikono, wakisukumana mabega kupima nani ana mizizi. Mwisho mama akatugeukia akasema tuifanye kama alivyosema mzee, ni kweli alikuwa amechelewa.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokiona. Bustani ile ni darasa, na hapo hapo ni baraza la ukaguzi linalokaa kila asubuhi bila kulipwa. Macho ya wapita njia ndiyo yanayomnyoosha mwalimu, na mwalimu aliyezoea kunyooshwa haogopi kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea.

Mtu asije akadhani Wachina wamezaliwa hivi. Taichi yenyewe ilikuwa mali ya ukoo. Hadithi maarufu ya Yang Luchan, mtu wa karne ya 19, inasimulia kwamba alikwenda kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, na kwa kuwa ukoo wa Chen haukumfundisha mtu wa nje, akawa anachungulia usiku wakifanya mazoezi mpaka akakamatwa. Iwe ni kweli yote au imepambwa, watu hawatungi hadithi ya kuchungulia mahali ambapo milango iko wazi. Uwazi ulikuja kwa kuamuliwa. Mwaka 1956 wakuu wa michezo wa serikali walitoa mfululizo mfupi wa hatua 24, uliotokana na mtindo wa Yang, ili mfanyakazi yeyote aweze kuujifunza. Ndio huo ninaoufanya mimi asubuhi. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza taichi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Na bado siri zipo. Wako walimu wenye wanafunzi wa ndani, waliopiga magoti na kummiminia mzee chai kwa heshima, wanaofundishwa mambo ambayo sisi wa bustanini hatutayaona. Wako pia wanaouza miujiza. Mwaka 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alipambana na Wei Lei, aliyejitangaza kuwa bingwa wa taichi, na chini ya nusu dakika Wei alikuwa chini. Chama cha taifa cha wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, kilikasirikia pambano hilo, na Xu alipata matatizo mengi baadaye. Kwangu mimi somo lake liko wazi: mbinu iliyokaa miaka bila kujaribiwa mbele ya watu, mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba haifanyi kazi.

Linaloniuma zaidi ni la karate yetu. Sensei wangu alituambia siri ni mila ya Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, nasi tuliitunza kwa uaminifu kama amana. Ni kweli kwamba zamani walijifunza kwa kificho. Gichin Funakoshi, mwalimu mashuhuri wa karate wa Okinawa, alisimulia mwenyewe alivyokuwa akienda usiku nyumbani kwa mwalimu wake, Azato. Lakini mwaka 1901 mwalimu mzee wa karate, Anko Itosu, aliiingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri, huko huko Okinawa, watoto wakaifanya mchana kweupe. Mwaka 1908 aliandika barua ya kueleza faida zake kwa vijana. Mwaka 1922 Funakoshi aliionyesha Tokyo mbele ya umma. Na mwaka 2016, katika barabara kuu ya mji wa Naha, Okinawa, watu 3,973 walifanya kata kwa pamoja, wakaandikwa kwenye rekodi za dunia. Kwa hiyo wakati sisi tunaziba madirisha kwa magazeti Dar es Salaam, wenye karate walikuwa wameshafungua yao kitambo kirefu kabla hatujazaliwa.

Tena pwani hatukuhitaji kwenda mbali kujifunza uwazi. Nenda Lamu wakati wa Maulidi ukaone kirumbizi. Zumari inalia, ngoma zinajibu, wanaume wawili wanaingia uwanjani na fimbo zao, wanazungukana, wanarushiana na kukinga, na mji mzima umewazunguka. Mjanja anasifiwa hapo hapo, mzembe anarekebishwa hapo hapo, na mtoto wa miaka sita aliyekaa miguuni mwa babu yake anasoma yote kwa macho. Nenda Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, uone watu wa pande mbili wanavyopigana kwa mapande ya migomba ili wautoe uchungu wa mwaka uliopita, wanawake wakiimba, hadhara yote ikishuhudia nani amepiga na nani amekoma. Huo ni ufundi wa kupigana wenye adabu, na adabu yake inatokana na kuonekana.

Hata sarakasi yetu ina somo. Miaka ya 1960 serikali ilituma vijana wa Kitanzania kusomea sarakasi hapa China, wakarudi wakaunda kikundi cha taifa. Ufundi huo haukufungiwa chumbani. Ulishuka hadi mitaani na ufukweni, na leo mtoto yeyote wa pwani anapindua mwili hewani juu ya mchanga kwa sababu alimwona kaka yake akifanya.

Najua pingamizi, na sizidharau. Vijana ishirini waliovaa sare wakirusha mateke kiwanjani kwetu wanaweza kupigiwa simu polisi, na anayepiga simu ana hofu yake halali. Lakini hofu hiyo tumeilisha wenyewe. Watu hawaogopi vilabu vya jogging vinavyopita barabarani kila Jumamosi alfajiri vikiimba na kupiga makofi, kwa sababu wamevizoea na wanamwona mama mdogo wao katikati ya mstari. Karate wanaiogopa kwa kuwa wanaisikia nyuma ya ukuta. Mwalimu aliyesajili klabu yake, akamwarifu mwenyekiti wa mtaa, akatoka na watoto mchana mbele ya wazazi wao, amefuta nusu ya hofu hiyo kabla hajasema neno.

Wengine wataniambia siku hizi vijana wanaweka mazoezi yao mtandaoni, siri imekwisha. Video si uwazi. Anayejirekodi anachagua teke lililopendeza na kufuta kumi yaliyopinda, na mwenye jicho la kumsahihisha hayuko pale kumshika nyonga.

Na liko jambo la watoto wa kike, ambalo kwangu ni zito kuliko yote niliyoandika. Katika darasa letu la madirisha yaliyozibwa hapakuwa na msichana hata mmoja, na nikiwa mzazi leo naelewa kwa nini: ni baba gani angemwachia binti yake aingie kwenye chumba asichoweza kukiona ndani? Hapa Yuexiu wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wanakuja na wajukuu, wanawakalisha kwenye benchi, wanafanya mazoezi yao. Ukitaka binti yako ajue kujilinda, haitoshi kumtafutia mwalimu hodari. Mtafutie mwalimu anayefundisha mahali ambapo wewe unaweza kukaa ukatazama.

Kwa hiyo nina ombi kwa masensei wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Sikuombeni mtoe yote mliyonayo. Kila fundi ana cha kumwachia mwanafunzi aliyekaa naye miaka kumi. Naomba Jumapili moja tu kwa mwezi: watoeni wanafunzi Coco Beach, Raskazone, Maisara, Mnazi Mmoja, popote penye mchanga au nyasi. Wafanye kata zao. Waacheni wapita njia wasimame, waulize, hata wakosoe. Mwalimu wa dojo nyingine akipita na kusema nyonga imechelewa, itazameni nyonga.

Mimi Desemba nakuja nyumbani. Jumapili ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa Coco Beach nikifanya zile hatua 24, na yule rafiki yangu wa goti ameahidi kuja kukaa pembeni na kutazama. Karibu. Hakuna fomu ya kujaza.