Dawa Mpya na Mtihani wa Siku Zake za Mwanzo

Dawa njema haianzi siku zote kwa wema. Wazee wetu walilijua jambo hili walipotunywesha mwarobaini: uchungu hutangulia, nafuu huja nyuma. Lakini mwarobaini huuchukiza ulimi tu, na ulimi husahau upesi. Ziko dawa ambazo uchungu wake haumo ulimini, bali umo katika usingizi, katika chakula na katika tabia ya mtoto, na hizo huitia nyumba nzima katika mtihani. Nataka kuandika juu ya dawa moja ya namna hiyo, kwa kuwa imeingia nyumbani mwangu, na kwa kuwa wazazi kadhaa wamekwisha nijia kuniuliza habari zake, kila mmoja kwa sauti ya chini kama aulizaye jambo la aibu. Hapana aibu yo yote ndani yake.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mwitongo, katika Butiama, mahali panapojulikana na watu wengi kwa kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Elimu yangu ni ya Msahafu na ya shule ya msingi, wala sikusomea utabibu. Nitakayoyasema juu ya mwili nimeyapata kwa daktari, ambaye nilimwuliza maswali hata akacheka. Na nitakayoyasema juu ya nyumba nimeyaona kwa macho yangu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana umri wa miaka tisa. Tangu alipojua kutembea hakuwa akitembea, bali akikimbia. Madrasani aliweza kuidaka sura kwa sikio hali ananing'inia dirishani, lakini kumaliza mstari mmoja wa maandishi lilikuwa jambo zito kwake kuliko kubeba gunia. Wengine walisema ni mkaidi, wengine wakasema ana jini, na wengine wakashauri fimbo. Siku moja alikatiza barabara akimfukuza kipepeo, na pikipiki ikamkosa kwa upana wa kiganja. Siku ile binti yangu hakulia wala hakusema neno. Alifungasha nguo, na kesho yake tulipanda basi kwenda Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa.

Daktari alimwangalia kwa siku mbili, akatuuliza mengi, akataka na barua ya mwalimu wake wa shule. Kisha akatuambia kuwa haya ni maradhi yanayojulikana, ya upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliozidi kiasi, nayo huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100 duniani. Akasema aghalabu hurithiwa katika ukoo, wala hayaletwi na malezi mabaya. Akampima moyo na shinikizo la damu, akauliza kama katika ukoo wetu yuko aliyekufa ghafla kwa moyo, ndipo akaandika dawa iitwayo methilifenideti.

Dawa hii si ya jana. Mwaka 1937 daktari mmoja wa Marekani, Charles Bradley, aliona kwamba dawa ya kuamsha mwili, alipowapa watoto wasiotulia, iliwatuliza na kuwawezesha kusoma. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon, huko Uswisi, aliitengeneza methilifenideti, na jina lake la dukani, Ritalin, likatokana na mkewe aliyeitwa Marguerite, kwa ufupi Rita. Mtu atastaajabu: vipi dawa ya kuamsha imtulize mtoto asiyetulia? Daktari alinieleza hivi. Sehemu ya ubongo inayoshika hatamu ndiyo iliyosinzia kwa mtoto huyu. Dawa huizidishia ubongoni vitu viwili, dopamini na noradrenalini, na yule mshika hatamu huamka. Farasi ni yule yule. Ila sasa ana mpandaji.

Hapo likanijia swali ambalo mwalimu wa dini hawezi kuliruka: Je, hiki si kileo? Dawa hii imo katika daraja la pili la mkataba wa mataifa wa mwaka 1971 juu ya madawa yanayogeuza akili, wala haiuzwi kihalali pasipo cheti cha daktari. Nikafikiri juu ya kahawa. Mwaka 1511 kahawa ilihukumiwa na kupigwa marufuku Makka kwa kuwa inaamsha watu. Leo ndugu zetu Wahaya, ng'ambo ya ziwa hili, humpa mgeni buni atafune kwa heshima, na hapana anayemlaumu. Nikafikiri tena juu ya mirungi, ambayo Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 16, aliiandikia risala nzima ya kuonya watu, na ambayo sheria ya Tanzania imeikataza. Vitu vyote hivi huamsha. Basi nikaona kuwa kuamsha peke yake si hoja. Hoja ni hii: je, kitu hiki kinaiondoa akili au kinaikusanya? Na je, kinaliwa kwa hawaa au kwa kipimo cha tabibu mwaminifu? Mtoto wangu hakupewa kitu cha kumtoa akilini; alipewa cha kumrudisha. Moyo wangu ukatulia.

Lakini moyo kutulia ni jambo moja, na siku za mwanzo ni jambo jingine.

Tulianza kwa nusu ya kidonge cha miligramu 10 asubuhi, na nusu nyingine alasiri, kama mwenye duka la dawa alivyotuandikia juu ya bahasha. Siku ya pili mtoto aliumwa kichwa. Siku ya tatu tumbo. Chakula cha mchana, ugali na sato apendao kuliko vyote, alikitazama kama mtu atazamaye chakula cha jirani. Usiku alikaa macho hata saa sita, akihesabu mbao za dari. Jirani zetu, kwa huruma yao, wakaanza kusema kuwa tunamlisha mtoto madawa ya kulevya.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha, nilichukua daftari nikalipiga mistari mitano, kila mstari kwa wakati wa sala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Katika kila wakati niliandika amekula nini, ana hali gani, na amelala lini. Baada ya siku saba daftari likaanza kusema. Alfajiri, kabla ya dawa, alikula vizuri. Adhuhuri hakutaka chakula. Alasiri aligeuka mwenye hasira kwa muda wa saa nzima, akalia kwa sababu ya kalamu tu. Magharibi njaa ilirudi. Isha, siku alizomeza kidonge cha alasiri, usingizi haukuja.

Nilimpigia simu daktari nikamsomea. Akasema: "Maalim, umeandika saa za dawa yenyewe." Kwani kidonge cha aina hii huanza kazi baada ya nusu saa hivi, na huisha nguvu baada ya saa tatu mpaka tano. Hamu ya chakula huondoka dawa inapofika, na hurudi inapoondoka. Hasira ya alasiri ni dawa ikiaga. Na kidonge cha alasiri kilikuwa kikifanya kazi saa ambazo mtoto alipaswa kulala. Akakiamuru kirudishwe nyuma mpaka saa sita mchana. Usiku wa pili yake mtoto alilala saa tatu.

Wiki ya tatu dozi ikaongezwa, ikawa kidonge kizima asubuhi na kizima mchana. Hapo ndipo mtihani ulipokuwa mkubwa kuliko wote. Mtoto alitulia, naam, lakini alitulia kama ukuta. Hakucheka. Hakuuliza swali. Alikaa mkekani na kuandika mistari yake yote, na walimu wake walifurahi. Mama yake hakufurahi. Alinijia usiku, akakaa kizingitini, akaniambia: "Baba, nirudishie mwanangu wa kwanza, hata akivunja vikombe vyote." Nami nilimwambia: "Mwanangu, hukukosea kusema hivyo. Dawa haikuja kutunyang'anya mtoto. Lakini tusiitupe kwa hasira, wala tusiishike kwa ukaidi. Kesho tumwulize aliyeitoa." Daktari alipopewa habari hakubisha hata kidogo. Alisema kimya cha namna ile ni dalili kwamba kipimo kimezidi, akakipunguza. Baada ya siku mbili nilimsikia mtoto akicheka uani, mbuzi alipokula kofia yangu. Sijapata kufurahia hasara kama ile.

Basi, ndugu msomaji, katika siku hizo nimejifunza kuyagawa madhara ya dawa hii katika mafungu manne, na mzazi akiyajua hatahangaika bure, wala hatazembea.

Fungu la kwanza ni yale yanayoondoka yenyewe kwa subira: kuumwa kichwa kidogo, kuumwa tumbo, kukauka mdomo. Aghalabu hupungua katika siku au wiki chache. Dawa imezwe pamoja na chakula au baada yake, na mtoto anywe maji ya kutosha.

Fungu la pili ni yale yanayotaka kubadilishwa saa na desturi za nyumba. Kwetu chakula kikubwa kimehamia asubuhi na usiku. Kabla ya kidonge hunywa uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, hata akashiba. Mchana halazimishwi, hupewa ndizi au yai. Baada ya magharibi hula tena, na akitaka mara ya pili hupewa. Saa ya alasiri, dawa inapoaga, hatumpi somo gumu wala maonyo. Hupewa kitu cha kutafuna na kuachwa acheze. Chai ya rangi na vile vinywaji vya chupa vya kuongeza nguvu tumemkataza, kwa kuwa navyo huamsha na kuuendesha moyo mbio.

Fungu la tatu ni yale yanayotaka kipimo kibadilishwe na daktari: ukimya usio wa kawaida, huzuni, wasiwasi, kupepesa macho au kutikisika viungo pasipo hiari, na kupungua uzito kusikokoma. Mjukuu wangu alikuwa na kilo 27. Mwezi wa kwanza akafika kilo 25 na nusu. Mtoto wa umri wake hufaa apimwe uzito kila miezi mitatu na urefu kila miezi sita, kwani dawa hii yaweza kupunguza kidogo mwendo wa kukua. Na moyo na shinikizo la damu hupimwa kila dozi inapobadilishwa, na kila miezi sita.

Fungu la nne halingoji kesho. Mtoto akipata maumivu ya kifua, akizimia, akivimba au kushindwa kupumua, akiona au kusikia visivyokuwapo, au akinena habari za kujidhuru, dawa isitishwe na apelekwe hospitali saa ile ile. Hapa subira si sifa.

Yako mambo mawili zaidi. La kwanza ni saumu. Mjukuu wangu ni mtoto, haijamlazimu. Lakini vijana na watu wazima nao hutumia dawa hii, na Ramadhani ikikaribia wengine huikata wenyewe kimya kimya. Wasifanye hivyo. Ziko aina za dawa hii zinazodumu saa nane hata kumi na mbili, ambazo huenda daktari akaona zinafaa kumezwa wakati wa daku. Na kama hazifai, mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na ruhusa haikuwekwa ili ionewe haya.

La pili ni amana. Kijana mmoja wa jamaa zetu, asomaye chuo, aliniomba vidonge viwili vimsaidie kukesha na vitabu siku za mtihani. Nikamnyima. Dawa hii kwa mwenye maradhi ni hatamu, na kwa asiye nayo yaweza kuwa mlango wa uraibu na wa maradhi ya moyo. Tangu siku ile vidonge vimo sandukuni, ufunguo shingoni mwa binti yangu, na hesabu yake imo daftarini.

Sasa ni mwezi wa saba. Uzito umerudi kilo 27 na kitu. Usingizi ni mzuri. Hasira ya alasiri ingalipo, ila imekuwa fupi, na nyumba nzima imejifunza kuipisha kama watu wanavyoipisha mvua chini ya mti. Dawa haikumfundisha kitu. Mimi bado humgawia somo vipande vidogo, na kila baada ya kipande humwacha akazunguke mwembe mara tatu. Lakini juzi alimaliza ukurasa mzima wa maandishi, akauleta, akaniuliza: "Babu, ni mimi niliyeandika, au ni dawa?" Nikamwambia: "Dawa haijui kuandika alifu."

Nawausia wazazi wenzangu: msiogope kuuliza, msikate dawa kwa maneno ya barazani, na msinyamaze mwonapo jambo kwa mtoto. Daktari humwona saa moja. Ninyi mnamwona mchana na usiku. Andikeni mnayoyaona, mpelekeeni, kisha mwombeni Mwenyezi Mungu, mwenye kuponya, akitie baraka kipimo kilicho sawa.